Shangazi, hamu ya kusoma imenitoka tangu ule mtihani wa Kemia

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Nakuandikia usiku huu kitabu cha Kemia kikiwa mbele yangu, kimefunguliwa ukurasa uleule wa jana na wa juzi.

Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nashika nafasi ya kwanza au ya pili, tena bila kujikaza sana. Nilipenda kusoma kwelikweli. Hata vitabu vya kaka yangu vya madarasa ya juu nilikuwa navifungua nione ndani kuna nini. Sekondari nilianza vizuri, lakini hesabu za Kemia zilipoingia zikanishinda. Nikajiambia nitaongeza bidii.

Muhula uliopita niliongeza kweli. Nilisoma Kemia wiki tatu mfululizo, kila siku mpaka saa saba usiku. Madaftari yote niliyarudia mara tatu. Nilipiga mistari kwa kalamu za rangi mpaka karibu kila sentensi ikawa na rangi yake. Siku ya mtihani niliingia nikiwa na uhakika. Nikapata 31 katika 100. Rafiki yangu ambaye hakukesha hata siku moja alipata 64.

Tangu siku ile siwezi kusoma. Siyo Kemia peke yake, hata Hisabati, hata Historia niliyokuwa naipenda. Nasoma mstari, nikifika mwisho sijui mwanzo ulisemaje. Nachukua simu, nasema dakika tano tu, nikija kushtuka saa mbili zimepita. Halafu nalia. Nimetengeneza ratiba mara nne, nzuri kabisa, zimebandikwa ukutani, na hakuna iliyofika siku ya tatu.

Mama anasema nimekuwa mvivu na simu imeniharibu. Baba ameahidi kuninunulia kompyuta mpakato nikiingia kumi bora, kwa sababu anataka niwe daktari. Alipoahidi nilifurahi siku mbili, kisha nikaanza kuogopa. Darasani mwalimu akiuliza swali nainamisha kichwa. Mpira wa wavu nao nimeacha kwenda mazoezini, sijui kwa nini.

Mtihani wa kuhitimu umebaki miezi saba. Shangazi, hii hamu imekwenda wapi? Nifanye nini irudi? Au nikubali tu kwamba akili yangu ilikuwa ya shule ya msingi?

Mwanafunzi aliyechoka

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilifika jana jioni. Niliisoma, nikaiweka, nikairudia leo asubuhi kwa sababu kuna sentensi moja iliyoninyima raha. Siyo ile ya simu, wala ile ya uvivu. Ni ile unayosema kwamba siku ya mtihani uliingia ukiwa na uhakika. Nitairudia.

Kwanza uvivu, tuumalize. Mtu mvivu hakeshi wiki tatu. Hatengenezi ratiba nne, na zikianguka halii, analala usingizi wake. Wewe ulifanya kazi kubwa, pengine kubwa kuliko ya mtu yeyote darasani kwenu muhula ule, na kazi ile ikakurudishia 31. Hamu ilikutoka hapo. Simu haikuiba kitu. Ilikuja baadaye, ikakuta kiti kiko wazi, ikakaa.

Nilifundisha darasani miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na wanafunzi wengi niliowaona wakipoa walipita njia hii hii. Wanajaribu kwa nguvu zao zote, hawaoni matunda, wanajaribu tena, hawaoni matunda, kisha siku moja mwili wenyewe unakataa kukaa mezani. Sisi walimu na wazazi tunawaona wakiwa wameshafika hapo mwisho, ndiyo maana tunadhani hawajawahi kujaribu. Mama yako hakusemi vibaya kwa ubaya. Ameona simu, hakuona zile wiki tatu kama ulivyoziona wewe.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walifanya jaribio ambalo sipendi kulisimulia kwa sababu ni la kikatili, lakini lina jambo linalokuhusu. Walichukua mbwa wakawapiga shoti za umeme. Kundi la kwanza liliweza kuuzima umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata umeme uleule kwa muda uleule, ila lifanye lifanyavyo, halikuweza kuuzima. Baadaye wote wakawekwa kwenye boksi lenye kizuizi kifupi, ambamo kuruka tu kungewaokoa. Wale wa kwanza waliruka. Wengi wa wale wa pili walilala chini wakaumia kimya, ingawa sasa njia ilikuwapo. Kwa miaka mingi ikasemwa kwamba mnyama wa namna ile amejifunza kukata tamaa.

Lakini mwaka 2016 watafiti haohao walirudi na kukiri kwamba walikuwa wamelisoma jambo hilo kinyume. Utafiti wa ubongo uliwaonyesha kwamba kunyong'onyea mbele ya maumivu yasiyokwisha hakufundishwi. Ndiyo hali ambayo kiumbe huingia chenyewe. Kinachofundishwa ni kile kingine: kujua kwamba nikifanya hiki, kile kinabadilika. Nakuomba uishike hiyo. Kwamba umelala chini si tabia mpya uliyoiokota, wala si akili iliyoisha. Ni kwamba kwa muda sasa hujapata ushahidi hata mmoja kwamba unachofanya mezani kinaleta tofauti yoyote kwenye karatasi ya mtihani. Na ushahidi huo unaweza kuupata upya.

Sasa turudi kwenye uhakika wako.

Ulirudia madaftari mara tatu na kupiga mistari. Ukisoma ukurasa mara ya pili unauona ni mwepesi kuliko mara ya kwanza, mara ya tatu unateleza tu. Ule wepesi unakudanganya. Macho yameuzoea ukurasa, nawe unadhani kichwa kimeujua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi za sayansi. Kundi moja liliisoma makala yake tena na tena, vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu likafunga makala na kuandika kila lililokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nyingi walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 40 hivi, na wale waliofunga makala wakajilazimisha kukumbuka walifika asilimia 61. Linaloniuma kwa ajili yako ni hili: walipoulizwa mapema nani anadhani atakumbuka zaidi, waliojiamini zaidi walikuwa wale waliorudia kusoma.

Unajiona hapo? Uhakika ulioingia nao kwenye mtihani ulikuwa wa kweli, ila ulitokana na kitu kisicho sahihi. Rafiki yako wa 64 sijui anasomaje, lakini ningekuwa wewe ningemwuliza. Si ajabu ukakuta anakaa muda mfupi, kitabu kimefungwa, anafanya maswali.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni dogo na halipendezi. Acha kusoma kwa macho. Chukua karatasi tupu, funga kitabu, andika unachokijua kuhusu mada hiyo. Kwa Historia, andika sababu za tukio na jinsi moja ilivyoizaa nyingine. Kwa Hisabati, chukua mfano ambao kitabu kimeutatua, funika majibu kwa karatasi, ufanye mwenyewe tangu mstari wa kwanza, ukikwama funua mstari mmoja tu, funika tena. Ukimaliza, fungua kitabu uone ulichokosa, ukiandike kwa kalamu ya rangi nyingine. Kalamu zako za rangi sasa zitapata kazi yenye maana.

Nakuonya: siku za mwanzo utajisikia mjinga. Karatasi itakuwa na mistari mitatu na utatamani kufungua kitabu haraka. Usifungue. Kile kitendo cha kuhangaika kutafuta jibu kichwani ndicho kinacholikaza. Kurudia kusoma kunastarehesha na hakukai, huku kunasumbua na kunakaa. Na karatasi hiyo usiiache imeishia pale. Ijaribu upya kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Tangu 1885, pale Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipojifanyia majaribio kwa kukariri silabi zisizo na maana, inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Anayerudi mapema anaokoa vingi.

Sasa Kemia yenyewe. Umesema ulianguka pale "hesabu za Kemia zilipoingia". Wengi wanaokuja wakisema Kemia imewashinda, ukiwakalisha na karatasi unakuta Kemia haina kosa. Kilichowashinda ni uwiano, hesabu waliyoipita haraka miaka mingi nyuma. Jaribu hili: gramu 18 za maji ni moli 1 (moli ni kipimo cha kiasi katika Kemia). Gramu 54 ni moli ngapi? Kama umesema 3 mara moja, vizuri. Sasa gramu 4.5 je? Kama hapo umeanza kutafuta fomula, hujui ugawanye kipi kwa kipi, basi tumepata mahali palipopasuka, na hapahitaji wiki tatu za kukesha. Panahitaji siku chache za maswali ya uwiano na sehemu, hata kwa kitabu cha shule ya msingi, bila aibu. (Jibu ni robo ya moli, yaani 0.25.) Wewe uliyekuwa unafungua vitabu vya kaka yako kwa udadisi usione haya kufungua cha mdogo wako kwa sababu nzuri zaidi.

Nasisitiza kurudi nyuma kwa sababu lengo ulilopewa, kumi bora, liko mbali mno kukusaidia leo jioni. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk waliwachukua watoto waliokuwa dhaifu mno katika kutoa, tena hawaipendi hesabu, wakawapa kurasa 42 za mazoezi kwa vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lijaribu kumaliza angalau kurasa sita kila kipindi. Jingine liliambiwa kurasa zote 42 zimalizike ifikapo mwisho wa kipindi cha saba. Ukikokotoa, kazi ni ileile kabisa. Lakini waliopewa kurasa sita sita walijua kutoa kuliko wenzao, walijiamini zaidi, na baadaye walipoachwa wachague wenyewe cha kufanya, walifanya maswali mengi zaidi ya kutoa bila kusukumwa na mtu. Watoto ambao hawakuipenda hesabu waliichagua. Hiyo ndiyo hamu unayoniuliza. Ilikuja nyuma ya kurasa sita za kwanza, na sita nyingine, kwa kuwa kila siku mtoto aliona kwa macho yake kwamba jana hakuweza na leo ameweza.

Hapo ndipo nadhani umekuwa ukikosea, na karibu sote tunakosea nawe. Unakaa mezani ukisubiri hamu ije ndipo uanze. Hamu huja ikifuata kazi, na mara nyingi huchelewa. Siku za mwanzo utaanza bila hiyo. Anza hivyohivyo.

Zile ratiba ukutani zitoe. Sisemi kupanga ni kubaya, ila ratiba yenye masomo nane kwa siku, inayoanza saa kumi alfajiri, imetungwa na wewe yule wa Jumapili usiku mwenye ari, na anayetakiwa kuitekeleza ni wewe wa Jumanne uliyechoka. Siku ya tatu inavunjika, nawe unapata ushahidi mwingine kwamba huwezi. Badala yake andika sentensi moja tu, yenye wakati wake na mahali pake: "Nikishamaliza kuoga jioni, nitakaa mezani, simu nimeiacha chumba kingine, nitafanya karatasi moja ya Kemia kwa dakika kumi." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza hili kwa miaka mingi: anayepanga lini, wapi na baada ya nini hutekeleza mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu "nitasoma". Dakika kumi zikiisha, una ruhusa ya kuondoka. Ruhusa ya kweli, siyo mtego. Siku nyingine utaondoka, siku nyingine utajikuta uko katikati ya swali na hutaki kuliacha.

Kuhusu simu sitakuhubiria. Angalia tu inakuja saa ngapi: unaposoma mstari ukafika mwisho hujui mwanzo. Yaani panapouma. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya 2013, walieleza kwamba kuahirisha kazi kwa sehemu kubwa ni kuikimbia hisia mbaya inayoletwa na kazi hiyo, wala si kushindwa kupanga muda. Ndiyo maana ratiba haikukuponya. Simu inakupa nafuu ya papo hapo, halafu saa mbili baadaye inakuletea hisia mbaya zaidi, na kesho kitabu kinatisha kuliko jana. Iweke chumba kingine, kweli, lakini fanya na hili: siku ukiteleza, usijipige. Pychyl na wenzake, mwaka 2010, waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni walioahirisha kujiandaa na mtihani. Waliojisamehe baada ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwenye mtihani uliofuata. Usiku ukilia juu ya saa mbili zilizopotea, sema tu "leo imepita", fanya dakika kumi zako kama bado una nguvu, ukalale.

Na ulale kweli. Umri wako, wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa siku. Ulipokesha mpaka saa saba usiku wiki tatu, ulikuwa unakatwa mara mbili: mchana unafika darasani kichwa kizito, na usiku unaunyima ubongo muda wa kupanga ulichojifunza. Usirudie.

Sasa baba yako. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ulisema ulifurahi siku mbili kisha ukaogopa, na nadhani huo woga una akili.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda kwenye shule ya chekechea, wakachagua watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa hiari yao. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine walichora, wakapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, wakati wa kucheza huru, wale walioahidiwa walichora kwa muda wa nusu hivi ya wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa. Ile ahadi ndiyo iliyogeuza mchezo kuwa kibarua. Sisemi zawadi zote ni mbaya. Kwa kazi ambayo mtu haipendi kabisa, zawadi inaweza kumsukuma akaanza. Lakini wewe ulikuwa mtoto wa kufungua vitabu kwa udadisi, na kompyuta imening'inizwa mbele ya jambo usiloweza kulidhibiti. Kumi bora kunategemea pia wengine wamepata ngapi. Unaweza kusoma vizuri mno ukawa wa 12. Hofu yako imeliona hilo kabla yako.

Zungumza naye. Chagua jioni tulivu, na mama awepo kama inawezekana. Unaweza kusema hivi: "Baba, nashukuru kwa ahadi yako, najua unanitakia mema. Lakini nikiifikiria kumi bora naogopa, nashindwa kusoma. Naomba kwa miezi hii uniulize tu kila mwisho wa wiki nimefanya karatasi ngapi, na nikuonyeshe." Mletee karatasi zenyewe, zenye makosa yake na masahihisho yake. Mzazi akiona karatasi, neno uvivu linaisha lenyewe. Na kama wanaisoma barua hii, nawaambia baba na mama kwa heshima: mtoto huyu hana upungufu wa sababu za kusoma. Ana upungufu wa ushahidi kwamba anaweza. Mwulizeni nini ameelewa wiki hii ambacho wiki iliyopita hakukielewa, na msikilize jibu mpaka mwisho.

La udaktari sitaamua mimi. Ila nimegundua umeandika baba anataka, hukuandika wewe unataka nini. Huna haja ya kujua leo. Kubali tu kwamba swali hilo ni lako pia, na kwamba kusoma kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine, hata ya baba unayempenda, huchosha haraka.

Mwalimu wa Kemia usimkimbie. Usiende ukamwambie "sielewi Kemia", hatajua aanzie wapi. Nenda na karatasi, umwonyeshe mstari: "Nilifika hapa, hapa nikakwama." Walimu wengi, hata wakali, hulainika mbele ya mwanafunzi anayejua alipokwama. Na rafiki yako mwombe akueleze swali moja, kisha wewe umweleze yeye, kwa maneno yako. Huko kueleza ndiko kutakakokufaa.

Nimeliacha mpira wa wavu makusudi, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu aliyekwama kwenye somo huacha somo. Wewe umeacha na kitu ulichokuwa unakipenda ambacho hakina mtihani. Inawezekana ni aibu tu, hutaki kuonekana unacheza wakati umefeli. Kama ni hivyo, rudi mazoezini wiki hii hii. Mwili unaotembea unasaidia kichwa, na nguvu ya kukaa mezani huirudishi kwa kujinyima kila furaha. Lakini jiulize kwa ukweli: je, kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hakuna kinachokupendeza, usingizi umebadilika, chakula hakipiti au unakula kupita kiasi, unajiona huna thamani? Kama ndiyo, hilo huenda ni sonona, nao ni ugonjwa unaotibika. Karatasi zangu za Kemia hazitautosha. Mwambie mama, au mwalimu wa ushauri nasaha, au mtu mzima mwingine unayemwamini, akupeleke kwa daktari. Na kama wazo la kufa au la kujidhuru limewahi kukupitia, usisubiri asubuhi. Amsha mtu usiku huohuo. Hakuna mtihani unaostahili kukaa na hilo peke yako.

Miezi saba ni mingi. Kwa karatasi moja kwa siku, siku sita kwa wiki, zinazidi 170. Hata ukikosa theluthi yake kwa sababu za kibinadamu, bado utafika mtihani ukiwa umejaribu zaidi ya mara 110 kitabu kikiwa kimefungwa, jambo ambalo katika zile wiki tatu hukulifanya hata mara moja.

Kwa hiyo kesho jioni, baada ya kuoga, karatasi moja. Mada iwe uwiano, siyo moli, bado. Weka tarehe juu kabisa, na usiitupe hata ikitoka tupu. Ukifika karatasi ya kumi niandikie, uniambie ulikwama kwenye mstari gani, na kama ulirudi uwanjani.

Wako,
Shangazi